Sawa, Bosi

Mwaka 2022 nilimjengea mama nyumba Ihanda, na niliijenga kwa simu. Mimi nilikuwa Mwanza kazini, fundi alikuwa Karagwe kiwanjani, na kila jioni tulipigiana kufanya hesabu: mifuko ya saruji iliyobaki, tripu za mchanga, tofali za kuchoma, misumari, madumu ya maji. Fundi ni mtu mzima, rika la wajomba zangu. Kila simu niliianza kwa "Shikamoo, fundi," naye aliitikia, "Marahaba, bosi." Mara ya kwanza neno hilo lilinichekesha. Baada ya mwezi nililizoea. Baada ya miezi miwili nilikuwa nimeanza kulisubiri.

Simu ninayotaka kuizungumzia ilikuja kuta zilipofika usawa wa lenta. Fundi alisema kazi sasa inakwenda juu, hivyo anahitaji miti ya mikaratusi, mbao za kukanyagia, kamba na misumari ya kufungia jukwaa. Jumla shilingi 180,000. Nilinyamaza kidogo, kile kimya cha mtu mwenye hela anayetaka bei ishuke yenyewe. Kisha nikasema: "Fundi, hiyo miti si tutaitupa kazi ikiisha? Ngazi si ipo? Pangeni matofali, wekeni juu yake mbao zilizobaki kwenye lenta, mtafika tu."

Naye akanyamaza. Halafu akasema, "Sawa, bosi."

Wiki tatu baadaye, siku ya Alhamisi, walikuwa wanapaua. Kijana mmoja wa miaka ishirini na moja, saidia fundi, alikuwa amesimama juu ya ubao. Upande mmoja ubao ule uliegemea rundo la matofali, upande mwingine ulipita kwenye kipandio cha ngazi. Alinyoosha mikono kuipokea kenchi kutoka chini. Ubao ukateleza. Aliangukia vipande vya matofali ambavyo hakuna aliyekuwa amevizoa. Alivunjika mfupa wa paja na kifundo cha mkono wa kulia. Walimpakata kwenye bodaboda, mmoja mbele akiendesha, mmoja nyuma akimshikilia, wakampeleka hospitali kwa barabara ya vumbi. Fundi alipokuja kunipigia simu, jambo la kwanza nililouliza, na naliandika hapa kwa sababu nikilificha makala hii haina maana, lilikuwa: "Kenchi imeharibika?"

Kisha ndipo nikauliza hali ya kijana.

Siku zile watu wengi walinifariji. Mama aliniambia, "Mwanangu, usijitese, ajali haina kinga." Mwenyekiti wa kitongoji alisema hivyo hivyo. Dereva wa bodaboda alisema hivyo hivyo. Hata baba wa kijana, nilipompigia simu kumpa pole, alinitangulia: "Ajali haina kinga, tumshukuru Mungu yupo hai." Niliupokea msemo huo kwa mikono miwili. Nililala nao kama mwezi mzima. Nilipoanza kuuchunguza ndipo usingizi ukakatika.

Tuseme kweli: zipo ajali ambazo mtu wa kawaida hana la kuzifanya. Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi mchana, ardhi ya Kagera ilitetemeka kwa ukubwa wa 5.9 na watu zaidi ya kumi na watano wakafa, wengi wao upande wa Bukoba. Hakuna fundi wala bosi aliyelileta tetemeko lile. Lakini hata siku ile, ardhi yenyewe haikummeza mtu. Watu waliuawa na kuta zilizowaangukia, na kuta hujengwa na watu, kwa saruji iliyopimwa au isiyopimwa. Kama hata tetemeko la ardhi lina sehemu yake iliyo mikononi mwetu, vipi kuhusu ubao ulioegemea matofali? Ule ulikuwa na kinga. Kinga yake ilikuwa na bei, na bei hiyo mimi niliisikia kwa masikio yangu.

*

Jambo linaloniumiza zaidi ni kwamba sikuwa mgeni wa kazi hiyo. Mwaka 2014, nikiwa nimemaliza kidato cha sita na nasubiri matokeo, nilifanya kibarua cha usaidia fundi kwa miezi mitatu kwenye jengo moja la umma ambalo sitalitaja. Tulikuwa kumi na tisa. Tulilipwa kwa siku, na siku ambayo hukuja, au ulikuja ukaambiwa watu wametosha, hukulipwa.

Asubuhi moja lilifika gari dogo likiwa na boksi la kofia ngumu na vizibao vya riflekta. Kofia zilikuwa kumi na mbili. Tuligawana, wengine wakaambiwa wajifiche nyuma ya tanuri la matofali. Saa nne wageni wakaja, wakazunguka, wakapiga picha tukiwa tumeshika machepe. Saa nane mchana kofia zikarudishwa kwenye boksi, zisije zikachafuka. Katika miezi mitatu ya kubeba zege nilivaa kofia ngumu kwa muda wa saa sita hivi.

Ningependa kusema tulihuzunika zilipoondoka. Hatukuhuzunika. Tulizicheka. Zilikuwa na joto, zilibana, jasho liliingia machoni. Zaidi ya yote, hukuweza kubeba karai la zege kichwani ukiwa umeivaa, maana kata haikai juu ya plastiki laini. Kofia na karai vilikuwa vinagombea kichwa kimoja, na aliyekuwa analipwa ni karai. Aliyeandika kwamba kila mtu avae kofia ngumu alikuwa anamfikiria mfanyakazi anayepandisha zege kwa winchi. Hakumwona huyu wa kwetu anayeipandisha kwa shingo.

Kulikuwa pia na fahari. Mzee mmoja alianza siku yake kwa kung'ata kiroba, enzi zile kabla serikali haijavipiga marufuku Machi 2017, kisha akapanda ukutani akiwa anaimba. Kijana aliyeomba ngazi ifungwe kamba alipewa jina la Bibi Harusi, na likamganda. Siku nilipotembea kwa mara ya kwanza juu ya ukuta mtupu, bila kushika kitu, nimebeba karai, fundi mkuu aliniangalia akasema, "Sasa umekuwa mwanaume." Nimepata vyeti viwili baada ya hapo, na hakuna kilichonifurahisha kama maneno yale.

Kwa hiyo ninaposoma ripoti au kusikia mjadala kuhusu kwa nini wafanyakazi wa ujenzi hawafuati kanuni za usalama, nayajua majibu yanayokuja kabla hayajatajwa. La kwanza ni kwamba hawana elimu. La pili ni uzembe. La tatu ni imani, kwamba Mswahili humwachia Mungu kila kitu. Nimekuwa mmoja wao, na naona majibu yote matatu yanafika nusu ya njia.

Elimu: kila mmoja wa wale kumi na tisa aliweza kumtaja mtu aliyeanguka, kijiji chake, na mahali alipozikwa au anapochechemea. Hatukuhitaji semina kutuambia kwamba juu kunaua. Uzembe: mtu aliyeanza kukoroga zege saa moja asubuhi na kuliacha saa kumi jioni, kwa kikombe cha uji na kiporo cha ndizi, unaweza kumwita majina mengi lakini si mzembe. Imani: hapo ndipo ninapobisha zaidi. "Mungu amependa" ni maneno ya baada ya tukio. Sijawahi kumwona fundi akipanda ngazi bila kwanza kuitikisa kwa mkono. Mkono ule unajua kuwa kinga ipo. Huitikisa ngazi, huikuta inacheza kidogo, humwangalia anayelipa, halafu hupanda.

Kati ya kuitikisa na kupanda kuna swali zima la makala hii.

*

Fundi wetu wa vijijini halipwi mshahara. Anapatana bei ya kazi nzima: kuta mpaka lenta kiasi hiki, kupaua kiasi hiki, lipu kiasi hiki. Akishapatana, kila siku inayopotea inatoka mfukoni mwake. Siku ya kufunga jukwaa vizuri haionekani kwenye ukuta. Bosi akiomba picha jioni, jukwaa halina picha ya kujivunia. Kozi nne za matofali zinayo. Vijana wake nao wanalipwa kwa siku kutokana na fungu hilo hilo. Hivyo miti ya jukwaa inashindana na unga, na mwenye kuamua mshindi yuko mbali, ana simu mkononi.

Hata kwenye miradi mikubwa mpangilio unafanana. Mwaka 2021 serikali ilipopata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, ilipanga kujenga madarasa 15,000 kwa muda mfupi, kila darasa kwa shilingi milioni 20, na kazi nyingi zikaenda kwa mafundi wa maeneo husika kwa utaratibu wa force akaunti. Watoto wanakaa humo leo, na mimi si wa kuyabeza. Sisemi pia kwamba kuna jambo baya lililotokea katika shule yoyote. Ninachosema ni kwamba bei na tarehe huamuliwa mezani, kisha hushuka ngazi baada ya ngazi, na zikimfikia mtu wa mwisho aliye juu ya ukuta huwa zimebaki neno moja: harakisha.

Hapo mtu atasema: lakini alikubali. Hakuna aliyemshikia panga. Kijana wangu angeweza kukataa kupanda ule ubao. Fundi angeweza kukataa kuendelea bila jukwaa. Wote wawili walisema sawa. Huu ndio utetezi wangu wenye nguvu kuliko wote, na nimeutumia usiku mwingi.

Aristotle, katika kitabu cha tatu cha maadili yake, anamzungumzia nahodha anayetupa shehena baharini wakati wa dhoruba. Je, ametupa kwa hiari? Anasema tendo kama hilo limechanganyika. Hakuna anayetupa mali yake hivi hivi, lakini mwenye akili timamu yeyote angefanya hivyo kuokoa roho yake na za wenzake. Nahodha amechagua, ndiyo, ila dhoruba ndiyo iliyompangia cha kuchagua.

Nilipousoma mfano huo chuoni niliuona wa mabaharia. Sasa nauona Ihanda. Kijana yule naye alichagua, ila alichokuwa anatupa baharini ni mifupa yake, ili chakula cha wiki kisizame. Tena tofauti moja ni kubwa: dhoruba ya nahodha haikuletwa na mtu. Dhoruba ya kijana ilikuwa na namba ya simu, na namba hiyo ni yangu. Siwezi kuleta tufani kisha nikamsifu mtu kwa uhuru wa kuogelea.

*

Sheria ipo. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, tunao Wakala wake, OSHA, na tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Kimataifa upo Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unaotaka mfanyakazi aliyejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo mbele yake asiadhibiwe kwa kufanya hivyo. Na mwezi Juni mwaka ule ule wa 2022, wajumbe waliokutana Geneva waliingiza mazingira salama na yenye afya ya kazi miongoni mwa haki za msingi kazini. Huenda siku ile mimi na fundi wangu tulikuwa tunabishana bei ya mchanga.

Sheria inamtafuta mwajiri. Sasa nionyesheni mwajiri kwenye kiwanja cha mama yangu. Mimi ningesema ni fundi, maana vijana aliwaleta yeye. Fundi angesema ni bosi, maana hela ni zake. Kijana mwenyewe hakuwa na karatasi yoyote, alikuwa na ahadi ya shilingi 10,000 kwa siku. Wajibu wa mwajiri ulidondoka katikati yetu wawili, na hakuna aliyesikia kishindo chake mpaka mtu alipodondoka pia.

Linapoanguka jambo kubwa, nchi nzima husikia. Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la Kariakoo nalo lilianguka juu ya wafanyabiashara na wateja, wakafa zaidi ya 20, na waziri mkuu akaunda tume. Ni sawa kabisa tume ziundwe. Lakini wanaoanguka mmoja mmoja, kutoka juu ya ubao, futi kumi, kwenye nyumba ya mama wa mtu, hawaundiwi tume. Wanapewa pole, wanachangiwa, na wanasahauliwa na kila mtu isipokuwa mguu wao.

Niliponyimwa jibu na sheria za karibu, nilikumbuka moja ya mbali. Nimekulia kanisani, na katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, kuna agizo ambalo nilipokuwa mtoto niliona halituhusu. Nyumba za huko zilikuwa na paa la bapa ambalo watu walilitumia kukaa na kulala. Agizo linamwambia anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka paa, ili mtu akianguka kutoka pale, nyumba isiwe na hatia ya damu yake.

Angalieni agizo linamwambia nani. Halimwambii anayepanda juu awe mwangalifu, wala halimwulizi aliyeanguka kama alikuwa amelewa, anachezacheza au anajionyesha kwa wenzake. Linamwambia mwenye nyumba: weka ukingo kabla. Limekubali kwamba binadamu watakuwa binadamu. Watachoka, watasinzia, watacheka, watageuka ghafla kuitikia jina lao. Ukingo unajengwa kwa ajili ya binadamu wa namna hiyo. Anayejenga akitegemea kwamba watakaopanda watakuwa makini kila dakika, huyo hajajenga ukingo. Ametoa mawaidha.

Waliojenga daraja la Golden Gate kule San Francisco, kati ya mwaka 1933 na 1937, walilielewa hilo. Wakati ule wajenzi wa Marekani walikuwa na hesabu ya kutisha, kwamba kila dola milioni moja ya ujenzi huondoka na roho ya mtu mmoja, na daraja lile lilikuwa la mamilioni mengi. Mhandisi mkuu, Joseph Strauss, alilazimisha kofia ngumu, kisha akatandaza wavu chini ya daraja kwa gharama ya takriban dola 130,000. Watu 19 walioanguka walidakwa na wavu ule wakaishi, na wakaunda chama chao cha waliofika nusu ya njia ya kuzimu. Haikuwa muujiza kamili. Februari 17, 1937 jukwaa zito lilikatika, likauchana wavu, watu 10 wakafa. Lakini nawafikiria wale 19. Wavu haukumwuliza hata mmoja wao kama alianguka kwa uzembe.

Nikirudi kwetu, najua pingamizi: Ihanda si San Francisco. Tukidai kila nyumba ya kijijini ijengwe kwa nyavu na mikanda, mama zetu watakufa kwenye nyumba za udongo huku tukisubiri. Pingamizi hili ni la kweli, nami nisingependa mtu mwenye nyumba tatu mjini alijibu kwa niaba ya maskini. Ila mimi siwezi kujificha ndani yake, kwa sababu ninayo daftari la matumizi. Ukurasa huo huo ambao nimefuta laki na themanini za jukwaa, mistari mitano chini yake, nimeandika vigae vya baraza: shilingi 240,000. Nilivichagua mwenyewe dukani Mwanza, vya rangi ya maziwa, nikavisafirisha. Mama hakuviomba. Nilitaka wageni wakija wajue nani amejenga.

Hivyo kwangu swali halikuwa umaskini. Lilikuwa nini kinaonekana na nini hakionekani. Jukwaa hubomolewa, kigae hubaki. Nadhani maisha mengi hupotea katika tofauti hiyo ndogo: kinga ikifanya kazi yake vizuri hakuna kinachotokea, na ni vigumu kumshawishi mtu alipie kitu ambacho matokeo yake bora ni kutotokea kwa kitu.

*

Nililipa gharama za hospitali. Mwezi wa pili baada ya tukio nilikwenda nyumbani, na mama wa kijana akaja kunisalimia. Alileta mkungu wa ndizi na kahawa ya kutafuna iliyofungwa vizuri kwenye jani la mgomba. Alinishika mikono yote miwili. "Asante sana, mwanangu," alisema. "Wengine wangemwacha."

Fundi alikuwepo, amekaa kwenye benchi karibu na mlango. Tuliangaliana. Yeye alijua habari ya laki na themanini, mimi nilijua, na mama yule hakujua. Fundi akainamisha kichwa akaanza kuondoa saruji iliyokauka kwenye kucha. Nami nikapokea shukrani. Nilisema, "Usijali, mama." Nimesema uongo mara nyingi katika maisha yangu, lakini ule ulikuwa wa maneno mawili ya kweli na ndio mzito kuliko yote.

Jioni nilimfuata fundi nikamwuliza kwa nini hakubisha siku ile ya simu. Alifikiri, kisha akasema bila hasira: "Bosi, ningekataa ungempigia fundi mwingine. Na wewe hii kazi unaijua, umeifanya. Nikajua unajua unachosema."

Kijana nilimweleza mwenyewe, miezi mingine baadaye, akiwa bado na magongo. Nilimweleza yote: bei, simu, vigae. Nilitarajia atukane, na labda nilitaka atukane. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kaka," akasema, "ule ubao niliujua tangu Jumatatu kwamba unacheza. Nilitaka niende nao mpaka Jumamosi." Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya malipo. Halafu akapiga hesabu kimoyomoyo, nikaona midomo yake ikihesabu. "Laki na themanini. Siku zangu kumi na nane." Alikaa bila kazi miezi tisa.

Sikuwa na la kumjibu, na hata sasa sina. Tumekubaliana nimlipie gharama za kuanzisha genge la mboga na matunda kando ya barabara, nami nimelipa, lakini najua kwamba huo si msamaha na wala sikuuomba. Mtu hanunui mfupa uliokwisha kuvunjika.

Mwaka jana tulianza jiko la nje na choo. Makubaliano niliyaandika, na mstari wa kwanza kabisa ulikuwa jukwaa: miti, mbao, kamba, misumari, na siku moja ya kulifunga inayolipwa peke yake, nje ya bei ya kazi. Fundi alishangaa. "Kwa jiko fupi hili, bosi?" Nikamwambia ndiyo, kwa jiko hili. Siku tatu baadaye akanipigia: "Bosi, hapana. Miti aliyoleta yule kijana wa mikaratusi imeoza kwenye shina, nimemrudishia. Tutasimama siku mbili." Nitasema kweli: nilikasirika. Nilikuwa nimeshaomba ruhusa kazini niende kuona jiko likipauliwa. Neno lilikuwa tayari ulimini, lile lile la pangeni matofali mtafika tu. Niliweka simu kifuani kidogo. Sikuwa nimefikiria kwamba kumlipa mtu ili aweze kukukatalia kunauma hivi kila anapokukatalia.

Siku mbili zikapita. Jiko likaisha. Hakuna kilichotokea.

Kijana huchechemea bado. Jioni akifunga genge hupita kwetu mara moja moja kumsalimia mama, kumletea nyanya au vitunguu. Mama humkaribisha ndani. Hupanda ngazi za baraza moja moja, mguu mzima ukitangulia, mwingine ukifuata. Akifika juu huegemea nguzo, huinama kwa taabu, akavua viatu vyake ili asichafue vigae.